Benki ya Chakula Mombasa na Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa watu wanaopiga simu, wanaofika ghalani na wanaotusimamisha njiani kutuuliza. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale magumu. Ikiwa huna chakula leo, usisome yote. Nenda moja kwa moja kwenye swali la "Nyumbani hakuna kitu leo".

## Mambo ya msingi

Benki ya chakula ni nini?

Ni ghala linalopokea chakula kizuri ambacho kingetupwa sokoni au kuozea shambani, pamoja na kile kinachotolewa sadaka au kununuliwa kwa michango. Chakula hicho hukaguliwa, hupimwa kwa mizani, hupangwa, kisha hupelekwa kwa vikundi vya mitaani vinavyolisha watu. Sisi wenyewe hatupiki, wala hatugawi mlangoni. Kazi yetu iko katikati: lori, stoo, friji, daftari na watu wa kubeba.

Mpango wa namna hii ulianzia Marekani mwaka 1967, mjini Phoenix, Arizona. John van Hengel aliuanzisha baada ya kukutana na mama aliyekuwa akiokota chakula kwenye mapipa ya taka nyuma ya duka ili awalishe wanawe. Siku hizi upo katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Soko la Kongowea limejaa kila siku. Vipi watu wa Mombasa walale njaa?

Kwa sababu njaa ya mjini ni ya mfuko. Usiku kucha malori hushusha nyanya za Taveta na vitunguu vya Tanzania pale Kongowea, na mtaa wa jirani kuna nyumba ambayo haijawasha jiko tangu jana. Baba ni kibarua, hakuitwa kazini siku mbili, basi. Hapo ndipo njaa inapoingia, wala haihitaji ukame.

Pwani ina kalenda yake ya njaa, na anayetaka kusaidia aijue. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hawezi kuvuka mwamba. Miezi hiyohiyo wageni hupungua katika hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, na wafanyakazi wa mkataba huambiwa wakae nyumbani hadi msimu urudi. Mvua za masika nazo husimamisha mijengo. Riziki tatu hukatika pamoja. Kisha kuna Januari, mwezi wa karo na sare za shule.

Na ndani ya nyumba, chakula ndicho kinachokatwa mwanzo. Kodi ina mwenyewe anayebisha hodi. Maji ya mtungi hayakopeshwi, makaa hayakopeshwi, na bila nauli ya matatu au miguu ya kutembea hadi bandarini kibarua hakipatikani. Tumbo la mtoto halina wakili. Mama hupunguza lake, halafu hupunguza la watoto wakubwa, halafu chai ya rangi huwa ndiyo chakula cha usiku.

Ndiyo maana Mei kwetu ni mwezi mzito kuliko Desemba. Desemba watu hukumbuka kutoa. Mei hakuna anayekumbuka.

Mnahudumia wapi?

Maeneobunge yote sita ya Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Pia tunashirikiana na vikundi vya Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kwa kutoa na kupokea. Mara nyingi mboga huteremka kutoka Taita, na unga, mafuta na mchele hupanda kutoka Mombasa.

Hii si kazi ya serikali?

Ni kazi ya serikali, na tunasema hivyo waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Benki ya chakula haiwezi kuchukua nafasi ya haki hiyo.

Kuna mpango wa Inua Jamii unaowalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zina maana kubwa kwa mzee, lakini mara nyingi ndani ya nyumba moja zinalisha wajukuu watatu au wanne. Tukikuta mzee anayestahili na hajasajiliwa, mshirika wetu wa mtaa humpeleka kwa chifu aandikishwe. Sisi tunaona usajili huo ni bora kuliko gunia lolote tutakalompa.

## Chakula kinatoka wapi

Mnakipata wapi?

Sehemu kubwa ni mazao. Wafanyabiashara wa jumla wa Kongowea hubaki na kreti ambazo hazikununuliwa alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi bei imeshaanguka. Nyanya iliyoiva sana haina soko, lakini ina chakula. Kreti za mbao zikipangwa juu ya nyingine, zile za chini huvunjika njiani, na mwenye mali hataki kuziona. Sisi tunazichambua palepale sokoni, kwa sababu kubeba uozo hadi ghalani ni kuchoma mafuta ya gari bure.

Wakati wa maembe, mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, Kilifi na Tana River huwa na ngowe na boribo zaidi ya wanunuzi. Maembe huanguka chini ya mti na kuoza. Hapo tatizo ni barabara na gari, chakula kipo.

Wengine ni viwanda vya unga na mafuta vyenye pakiti zilizopinda au zilizochapwa vibaya, maduka makubwa, mahoteli, na waagizaji wa mchele na sukari wanaopitisha mizigo bandari ya Kilindini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kwenye maduka, mikahawa na majumba. Sisi tunaona kipande kidogo tu cha hicho, na hata kipande hicho hatukimalizi.

Mnanunua pia?

Ndiyo. Ziada huja kama ilivyo, haiulizi watu wanahitaji nini. Unaweza kuwa na kreti mia za nyanya na huna hata kilo ya kunde. Kwa hiyo michango ya pesa hununua vitu ambavyo havitolewi kwa urahisi: pojo, maharagwe, mafuta ya kupikia, chumvi na mchele.

Mizigo iliyokamatwa bandarini je? Inasemekana mnapewa mchele mbovu.

Hatupokei mzigo wowote wa bandarini bila karatasi za forodha na cheti cha ubora kinachoonyesha kwamba unafaa kuliwa na binadamu. Mzigo uliokataliwa na maafisa unaharibiwa, haugeuzwi sadaka. Maskini hana tumbo tofauti na la tajiri.

Mnagawa vyakula vilivyopitisha tarehe?

Hapana. Ila kuna tarehe za aina mbili. Moja inahusu usalama, kama ile ya maziwa na nyama. Ikipita hata kwa siku moja, chakula hicho hakigawiwi. Nyingine inahusu ubora tu: inakuambia biskuti au tambi zitakuwa na ladha nzuri hadi lini. Maduka mengi huondoa bidhaa kwenye rafu wiki kadhaa kabla ya tarehe hizo, na hizo ndizo tunazopokea. Ghalani kuna kanuni moja iliyobandikwa ukutani: kinachoisha mwanzo hutoka mwanzo, hata kama kiliingia mwisho.

Mbona mnapima mahindi kila mara? Mahindi si mahindi?

Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo huwezi kuiona wala kuinusa, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na hao walikuwa wakila mahindi ya nyumbani kwao.

Joto na unyevu wa Pwani ndio mazingira ukungu unayoyapenda. Kwa hiyo tunapima unyevu wa kila gunia, na likizidi asilimia 13.5 halipiti. Kisha sampuli huenda maabara, na kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Magunia hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta, yasinyonye unyevu wa sakafu. Watu hulalamika kwamba tunachelewesha. Tutaendelea kuchelewesha.

Tuna harusi Jumamosi. Biriani ikibaki mtaichukua?

Huenda, lakini tuambie kabla ya harusi, usisubiri saa sita za usiku. Chakula kilichopikwa ni amana nzito. Ndani ya mchele mbichi mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa moto wa jikoni. Wali uliokaa kwenye joto la Mombasa kwa saa kadhaa huvifanya vizaane na kutoa sumu, na ukiupasha moto sumu hiyo haiondoki. Mtu hutapika usiku kucha, na kama ni mtoto aliyedhoofu, hali inaweza kuwa mbaya zaidi.

Basi kanuni ni hizi. Tunachukua kile kilichobaki sufuriani, hakikupakuliwa kwenye sinia za wageni. Kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, au kiwe kimepozwa haraka na kuwekwa kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5. Kikikaa nje zaidi ya saa mbili, hatukigusi. Na lazima pawe na mahali pa kukipeleka usiku huohuo: nyumba ya watoto, au kituo kinacholaza watu.

Njia rahisi zaidi kwa wenye harusi ni kumwambia mpishi mapema atenge sufuria moja kabisa. Hiyo si masalio tena, ni fungu la wenye njaa lililopikwa pamoja na la wageni, na sisi tunaipenda njia hii kuliko zote.

Samaki na nyama?

Nyama tunachukua ile iliyochinjwa kwa njia ya halali katika machinjio yenye leseni, iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Samaki tunawaogopa zaidi. Jodari na nguru wakikosa barafu hata kwa muda mfupi, hujenga sumu ambayo kupika au kukaanga hakuiondoi, na samaki huyo huonekana mzima. Tunapokea samaki aliyetoka chomboni akiwa kwenye barafu tu.

## Chakula kinavyowafikia watu

Kwa nini msigawe ghalani, kila mtu aje achukue?

Mtu wa Mtongwe apande matatu, avuke feri, apande tena, asimame juani, arudi na kilo kumi kichwani? Nauli ingemmaliza. Na foleni ya njaa barabarani humvunjia mtu heshima yake mbele ya majirani na watoto wake.

Tunapeleka kwa washirika: misikiti na madrasa, makanisa, shule, zahanati, vikundi vya akina mama, nyumba za watoto. Hao wanajua ni nani ambaye mlango wake umefungwa siku tatu. Kila mshirika ana stoo kavu, mtu wa kuweka hesabu, na anakubali kukaguliwa bila taarifa. Hatozi hata shilingi moja. Akitoza, tunasitisha.

Nani anaamua nani apate?

Kamati ya mtaa, si mtu mmoja. Ndani yake awemo mwanamke, mzee wa mtaa na mtu mwenye ulemavu au anayemtunza. Huangalia nyumba zinazolea watoto wadogo, wajawazito, wagonjwa wanaokunywa dawa kila siku, wazee walio peke yao, na waliopoteza kazi karibuni. Hao wa mwisho husahauliwa sana kwa kuwa nyumba yao bado ina televisheni na makochi. Mtu hauzi kochi lake siku ya kwanza.

Nyumbani hakuna kitu leo. Nifanye nini?

Nenda kwa mshirika aliye karibu nawe, au mwambie mzee wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii, imamu au mchungaji kwamba nyumbani hakuna chakula. Sema hivyohivyo, usizungushe. Washirika wote huweka mafungu ya dharura ambayo hutolewa kwanza, maswali baadaye. Huhitaji barua ya chifu kwa fungu la kwanza.

Ikiwa mtoto amedhoofika, amevimba miguu, au hataki kula, usisubiri chakula chetu. Mpeleke kituo cha afya leo. Mtoto aliyefikia hapo anahitaji matibabu maalumu, na ukimlisha sana kwa ghafla unaweza kumdhuru.

Lazima niwe na kitambulisho? Jina langu litatangazwa?

Kitambulisho si sharti. Kuna watu wengi Pwani waliohangaika miaka kukipata, na njaa haisubiri karatasi. Tunaandika jina, mtaa na idadi ya watu nyumbani. Orodha hiyo inalindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Haibandikwi ukutani wala haipewi mwanasiasa.

Mnaangalia dini au kabila?

Hapana. Mshirika akiwa msikiti, anahudumia jirani Mkristo. Akiwa kanisa, anahudumia jirani Muislamu. Ni sharti la maandishi, na hakuna anayelazimishwa kusali ili apewe unga.

Fungu lina nini ndani?

Hutegemea kilichopo, lakini tunajitahidi liwe na unga, nafaka za jamii ya kunde, mafuta, chumvi na mboga. Unga wa pakiti tunaupendelea, kwa kuwa tangu 2012 sheria inataka uongezwe vitamini na madini, tofauti na ule wa kusagisha kwenye mashine ya posho.

Kuna jambo tulilofundishwa na akina mama wa Kisauni. Ukimpa mtu maharagwe makavu na hana makaa, hujampa chakula. Maharagwe hula moto saa nzima na zaidi, wakati pojo zilizolowekwa huiva upesi. Kwa hiyo nyumba zisizo na nishati hupewa pojo, au maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa na jiko la kikundi. Wenye kisukari hupunguziwa unga mweupe na kuongezewa kunde na mboga. Wanaonyonyesha huongezewa mafuta.

Mamangu ni mzee, yuko peke yake Likoni, hawezi kutoka.

Mwandikishe kwa mshirika wa Likoni kama mtu wa kufikishiwa. Vijana wa kujitolea humpelekea wawili wawili, na jina lao huwa analijua kabla hawajafika.

## Kutoa na kujitolea

Nitoe pesa au chakula?

Pesa, kama unaweza. Kwa bei ya pakiti moja dukani, sisi kwa jumla tunapata zaidi, na pesa hulipa dizeli inayotoa maembe shambani. Lakini mwenye debe la kunde nyumbani alilete, tunalihitaji.

Naweza kuwapa zaka?

Ndiyo. Zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, lazima iwafikie wenyewe kabla ya swala ya Idd, kwa hiyo mwisho wetu wa kupokea ni siku mbili kabla, ili lori liwahi. Zaka ya mali ina aina zake nane za watu waliotajwa katika Qur'ani, Surat At-Tawba, aya ya 60. Ina daftari lake na akaunti yake, hailipi dizeli wala mshahara. Sadaka ya kawaida ndiyo inayoendesha ghala. Tuambie ni ipi unapotoa.

Mwezi wa Ramadhani tunapokea tende na unga kwa wingi sana. Tunashukuru, na tunaomba wanaoweza waweke sehemu ya sadaka yao hadi kusi, kwa sababu tulizozieleza kwenye swali la Kongowea.

Mimi ni mkulima, nina nyanya zinaharibika shambani.

Piga simu kabla ya kuzichuma. Tueleze ni kreti ngapi, barabara ikoje, na gari la aina gani linafika. Tukiweza tunaleta kreti za plastiki na wachumaji, wewe hulipi kitu. Tukishindwa tutakuambia siku hiyohiyo, usije ukachuma bure.

Kwa nini mlikataa maziwa yangu ya kopo ya watoto wachanga?

Si kwa dharau. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inazuia kuyagawa bure kiholela, na ina sababu. Mama akipewa makopo mawili, maziwa yake hupungua. Makopo yakiisha, hana pesa ya kununua mengine, na maji ya kukorogea si salama. Mama asiyeweza kunyonyesha tunamuunganisha na kliniki. Pesa ulizotaka kununulia kopo, mnunulie nazo chakula mama anayenyonyesha.

Nina nguvu tu, sina pesa.

Njoo. Kuchambua nyanya alfajiri Kongowea ndiyo kazi yenye upungufu mkubwa wa watu. Vaa viatu vilivyofunika vidole.

## Maswali magumu

Hamwafundishi watu kutegemea?

Tunalisikia hili mara nyingi, na karibu kila mara kutoka kwa mtu aliyekula asubuhi. Wengi wa wanaopokea wanafanya kazi: wanafua, wanasukuma mikokoteni, wanauza viazi vya karai. Mapato yao hayana uhakika, na fungu huziba pengo la wiki mbaya. Kamati huangalia orodha upya kila baada ya miezi mitatu, na watu hutoka wenyewe msimu ukirudi. Wazee na wagonjwa hawatatoka, na hatuoni aibu kwa hilo.

Mkimwaga mboga za bure mtaani, mama mboga atamuuzia nani?

Hii ni hoja ya haki kabisa. Ndiyo maana hatugawi mboga mtaa mzima. Zinakwenda kwa nyumba ambazo hazikuwa zikinunua, na kwa majiko ya shule. Pale inapowezekana tunatoa vocha: mpokeaji anachukua mboga kwenye kibanda cha mtaani na sisi tunamlipa mwenye kibanda. Kwa maoni yetu vocha ndiyo njia bora mjini, na tungeitumia zaidi kama michango ya pesa ingekuwa mingi.

Nimeona mtu akiuza unga wenye alama yenu.

Tuambie wapi. Kama ni mshirika aliyeuza, anaondolewa. Kama ni mpokeaji, tunamuuliza kwanza. Mara nyingi ameuza pakiti moja anunue dawa au mafuta ya taa, na hapo tunajifunza kwamba fungu letu halikumfaa.

Mheshimiwa anataka kuja kugawa mwenyewe. Inaruhusiwa?

Anakaribishwa kutoa. Hagawi, hapigi picha na wapokeaji, na jina lake halichapwi kwenye mfuko. Wakati wa kampeni hatupokei chakula kutoka kwa mgombea yeyote.

Ukame au mafuriko yakija, utaratibu huu unabaki hivihivi?

Hapana. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia 2020, na mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokata barabara huko Tana River, mahitaji yalikuwa tofauti kabisa. Aliyepoteza nyumba hana sufuria wala kuni kavu, basi unga haumsaidii siku za mwanzo. Hutangulia tende, biskuti, maji na uji wa kupikwa pamoja, unga na kunde hufuata. Yote hupitia kwa serikali ya kaunti na waokoaji walioko, ili malori mawili yasiende kijiji kimoja na kingine kikaachwa.

Kinachoharibika ghalani mnakipeleka wapi?

Mboga na matunda yaliyopita kiasi huenda kwa wafugaji wa mbuzi au kuwa mbolea. Mahindi yaliyokutwa na aflatoksini hayaendi kwa mifugo hata mfugaji akiomba kwa kulia, kwa sababu ng'ombe akiyala sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto. Hayo huharibiwa mbele ya afisa wa afya ya umma, na karatasi yake inawekwa kwenye faili ambalo mtoaji yeyote anaruhusiwa kulisoma.